Jino Lililosugua Visigino Vyangu

Habari ya kifo cha Mwalimu Gitonga niliipata kwenye bucha. Hapa Majengo, mjini Meru, Bakari muuza nyama hufungua redio kabla hajanoa kisu, na saa ya matangazo ya vifo hakuna anayezungumza, hata mwenye haraka. Nilikuwa nimepanga foleni nikingoja nusu kilo ya matumbo. Mtangazaji alitaja jina, akataja Kanyakine, akasema marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia na mwanzilishi wa makumbusho ya shule kule Mbeere. Bakari akanitazama. "Mama Kendi, huyo ni wa kwenu?" Nikamwambia alinifundisha. "Basi pole sana. Mwalimu ni mzazi." Nilichukua matumbo yangu nikarudi chumbani, nikakaa mbele ya cherehani, na sare ya shule niliyokuwa nikishona ikabaki na mkono mmoja mpaka kesho yake. Sikulia. Nilikuwa nimeshamlilia mwaka mmoja mzima, akiwa hai, tangu nilipoacha shule kidato cha pili.

Shule yetu ilikuwa upande wa chini wa Mbeere, ukitoka Kiritiri unatembea mpaka viatu vigeuke rangi ya barabara. Mwalimu Gitonga alitujia kutoka kwenye baridi ya Kanyakine akiwa na sweta, na aliendelea kulivaa kwenye jua letu muhula mzima kana kwamba ameapa. Alimwomba mwalimu mkuu apewe stoo kuukuu ya chakula, ile iliyokuwa imepakana na ofisi ya walimu, akapewa kwa sababu fukusi walikuwa wamekwisha kuiharibu na hakuna mtu aliyeitaka. Ilikuwa na dirisha moja dogo la waya. Ukiingia ulinusa mahindi ya zamani, na vumbi la maharagwe lilikuwa limejaa nyufa za sakafu. Hapo ndipo alipopanga mawe yake juu ya mbao na matofali: konokono waliogeuka mawe, kipande cha mti ambacho ukikigonga kinalia kama kikombe, na mifupa michache ambayo alisema si mifupa tena. Viliitwa visukuku. Wapishi waliita chumba hicho kaburini. Mama Rwamba, aliyekuwa akitupikia githeri, alikataa kabisa kupita mlangoni pake na sufuria ya chakula, alizunguka nyuma ya choo, njia ndefu, akisema, "Mimi sipitishi chakula cha watoto mbele ya wafu wa watu nisiowajua."

Siku moja Mwalimu alituambia kila mmoja alete jiwe lolote la ajabu kutoka kwao. Kwetu, msimu wa kiangazi, wasichana tulikuwa tukichimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka, na ukishajaza mtungi ulikaa ukasugua miguu. Kila msichana alikuwa na jiwe lake la visigino, na kuchukua jiwe la mwenzako lilikuwa kosa la kupigania. Langu nilikuwa nimelichimbua chini kabisa ya kisima chetu cha mchanga. Lilikuwa zito, la kahawia, refu kama nusu ya mkate, na upande mmoja lilikuwa na matuta yaliyojipanga vizuri kama ubao wa kufulia. Lilisugua kuliko mawe yote. Nililitumia Agosti yote, mpaka pembe yake moja ikalainika na kuchukua umbo la kisigino changu. Nililipeleka kwa kukosa lingine.

Mwalimu alilipokea mbele ya darasa zima, akaligeuza. Kisha, kabla hatujajua anataka kufanya nini, alitoa ulimi akaugusisha upande wa chini. Ulimi ukanata. Aliuvuta polepole, nasi tukaona jiwe likiufuata kidogo. Marigu, rafiki yangu tuliyekuwa tukichimba maji pamoja, alificha uso ndani ya sketi. Wasichana wote darasani walijua lile jiwe limetoka wapi na limekuwa likifanya kazi gani. "Mnacheka nini?" aliuliza Mwalimu. "Jiwe la kawaida haliushiki ulimi. Mfupa wa kale una vitundu vidogo, unaushika. Hili ni jino. Jino la mnyama wa ukoo wa tembo, aliyekunywa maji hapa kabla hakujawa na mtu wa kumwita tembo. Umelipata wapi, Wawira?" Nikamweleza. "Na ulikuwa ukilifanyia nini?" Nilikuwa mtoto asiyejua kudanganya, na sijajifunza mpaka leo. Nikasema: "Nilikuwa nasugua miguu, Mwalimu." Kwanza alifuta ulimi wake kwa mkono wa sweta. Kisha akacheka mpaka akaegemea ubao, nasi tukapata ruhusa ya kucheka. Nikikumbuka sura yake siku hiyo bado naipenda. Hilo ndilo linaloniumiza.

Alinipa ufunguo. Zilikuwa funguo mbili tu, wake na wangu. Alinifundisha kuandika kadi, kila kitu na kadi yake, mistari minne: Kitu. Mahali. Siku. Aliyepata. "Kisukuku bila kadi ni kokoto," alisema. "Ukishasahau kimetoka wapi, hata mimi siwezi kukisaidia." Na juu ya mlango, kwa ndani, alibandika karatasi: KATIKA CHUMBA HIKI HATUSEMI TUSICHOKIJUA. Mtu akituuliza umri wa konokono, na hatuna hakika, tulipaswa kujibu hatujui. Kadi ya jino niliiandika mimi, mara tatu, mpaka herufi zikasimama wima. Kwenye mstari wa nne niliandika jina langu, Wawira wa Njiru. Sikuwahi kuliona jina langu mahali popote isipokuwa kwenye orodha ya waliofeli hesabu.

Kila Ijumaa shule za msingi za jirani zilikuja, watoto wameshikana mikono, wengine bila viatu. Mwalimu aliwaacha mlangoni, akasema, "Mwenye kujua yuko ndani," akaenda zake. Mwenye kujua nilikuwa mimi. Mara ya kwanza nilinong'ona tu. Baadaye sauti ilitoka, sijui ilikuwa imejificha wapi. Niliwaambia wapange mstari, nikawalambisha jiwe la kawaida kwanza, kisha jino, nalo nikilifuta kwa kitambaa kila mara, na walipouona ulimi unanata walipiga kelele mpaka walimu wakatoka ofisini. Kuna mtoto mmoja ambaye mwalimu wake alisema hajazungumza tangu muhula uanze. Ulimi ulinata, akavuta, akasema, "Limekataa kuniachia." Mwalimu wake alitoka nje. Wazee nao walianza kuja, na wanawake wenye mizigo ya kuni, kila mmoja na jiwe kwenye leso akiomba nililambe. Nililamba mawe mengi mwaka ule. Mengi yalikuwa mawe tu, na niliwaambia hivyo, nao wakaenda bila kinyongo kwa sababu nilikuwa nimejaribu. Sikuwa hodari wa Kiingereza wala wa hesabu, lakini katika stoo ile nilikuwa mtu wa kuulizwa.

Ukuta kati yetu na ofisi ya walimu ulikuwa wa mbao. Nikifagia nilisikia kila kitu, pamoja na nani hakutaka chai isiyo na maziwa. Mwaka uliofuata, muhula wa pili, nilimsikia mwalimu mkuu akisema, "Hao watu wa makumbusho ya mjini watatujengea kabati la vioo, Gitonga. La vioo! Wanataka hilo jino tu." Na Mwalimu: "Wakilichukua hatutaliona tena. Watoto watalambishwa nini, kabati?" Walimu wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. "Siku ya wazazi watakabidhiwa. Nimeshasema." Nilisimama na ufagio wangu, na nilichofikiri ni kwamba jino lina mtu wa kulitetea. Sikufikiri kama mimi ninaye.

Wiki chache baadaye Mwalimu alileta plasta ya hospitali, ile ya kufungia miguu iliyovunjika, aliyoiomba zahanati. Tulilaza jino kwenye udongo wa mfinyanzi, tukalitoa, tukamimina plasta kwenye shimo lake. Lilipokauka tulilipaka majani ya chai yaliyochemka sana na masizi ya sufuria za Mama Rwamba, halafu vanishi. Lilifanana mpaka nikashika kichwa. Hata pembe ya kisigino changu ilikuwepo. "Hili la nini, Mwalimu?" niliuliza. "La kuwapelekea shule za mbali, wasioweza kuja," akasema. Nikafurahi. Nilikoroga plasta kwa mikono yangu, nikaipaka chai kwa mikono yangu. Kabati la vioo lilipokuja, alisema mafundi watavunja vitu, akachukua jino kulihifadhi mpaka kazi iishe, na usiku wa kuamkia siku ya wazazi alipanga kabati mwenyewe.

Siku hiyo walikuja watu wengi kuliko kanisa. Mama Rwamba alikuwa ameua mbuzi wawili, na harufu ya supu ilitufuata mpaka makumbusho. Mbele walikaa mwalimu mkuu na wale wawili wa mjini wenye tai. Mwalimu alisimama karibu na dirisha. Nilianza maelezo yangu kama Ijumaa yoyote. Nikafungua kabati, nikachukua jino, na mkono wangu ukapanda juu kwa haraka kuliko nilivyoutuma, maana lilikuwa jepesi. Nikaweka ulimi. Ukateleza. Kinywani nikapata ladha ya vanishi. Nilidhani wamechanganya, kosa dogo, na Mwalimu atacheka. Nikamgeukia nikitabasamu, nikasema kwa sauti ile ile aliyonipa yeye: "Hili si lenyewe, Mwalimu. Hili ni la plasta."

Aliangalia viatu vyake. Mmoja wa wale wa mjini alisimama, akalichukua, akalikwaruza kwa kucha mpaka weupe ukatokea. "Mwalimu mkuu, mnatuchezea?" Mwalimu mkuu akageuka. "Gitonga. Funguo za chumba hiki ni ngapi?" "Mbili." "Moja unayo wewe. Ya pili?" Nilimtazama Mwalimu wangu, na nilikuwa bado sijaogopa. Akasema, "Ya pili iko na Wawira." Basi. Hakusema uongo. Nimeirudia sentensi hiyo miaka yote nikitafuta neno la uongo ndani yake na halimo. Alisema ukweli, akaniacha ndani yake peke yangu.

Watu wa mwalimu mkuu walikuja kupekua nyumbani kwetu mchana, majirani wakiwa wamesimama nje ya ua. Walichimba hata chini ya mafiga. Shuleni nilipata jina jipya. "Jino, tuuzie kokoto!" "Jino, umekula shilingi ngapi za tembo?" Marigu, ambaye ningempa jiwe langu la visigino akiniomba, alihamia dawati la mbele. Nilisikia Mama Rwamba jikoni akimwambia mwenzake, "Mtoto anayefundishwa kulamba wafu, mlitaraji nini?" na mwenzake akajibu, "Lakini alijisema mwenyewe. Mwizi gani hujisema?" Huyo mpishi wa pili, ambaye sikujua jina lake, ndiye pekee niliyemsikia mwaka ule akiuliza swali la maana. Ufunguo niliurudisha kwa mwalimu mkuu mbele ya gwaride. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikabaki nyumbani. Nilimngoja Mwalimu. Siku ya tatu alikuja, akasimama barabarani, hakuingia uani. Alikuwa na sweta. "Rudi darasani, Wawira. Mambo yatatulia, watu husahau." Nikamuuliza, "Mwalimu, liko wapi?" Akaangalia kule mtoni. "Wewe rudi tu darasani," akasema. Sikurudi. Mwisho wa mwaka nilisikia amehamishwa. Mimi nilienda mjini Meru kujifunza kushona, na elimu yangu ni hiyo.

Kwa hiyo nilienda Kanyakine kumzika. Sijui kwa nini, labda nilitaka kusikia watasema nini. Kijitabu cha mazishi kilikuwa na picha yake, ameshika konokono wa jiwe. Walisoma wasifu: alipenda ukweli, aliwafungua watoto macho. Nilikaa nyuma na wanawake waliokuwa wakimenya viazi, nikamenya nami. Baada ya maziko, mjane wake alipita kuwashukuru wapishi. Nikamwambia jina langu na nilikotoka, kama inavyotakiwa. Alisimama. "Wawira yupi? Wa Njiru?" Nikasema ndiye. Alinishika kifundo cha mkono, mama wa watu mwenye mikono mikavu, akanipeleka chumbani, akafunga mlango. Kutoka chini ya kitanda alivuta debe la mafuta ya kupikia. Ndani, kwenye gazeti lililogeuka manjano, lilikuwepo jino langu. Na kadi. Mwandiko wangu, herufi zimesimama wima.

"Miaka hii yote nilidhani ni jiwe tu," alisema. "Siku moja nililichukua nikasugue miguu. Alinifokea mpaka nikashangaa. Akasema lina mwenyewe, ni msichana wa Mbeere." Nikamuuliza, "Mama, alikwambia lilikujaje hapa?" Akakaa kitandani. "Wale watu walikuwa walichukue. Alitaka wachukue la plasta waende zao, halafu hili lirudi kwa watoto. Alisema hakukwambia kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kudanganya, ungeshindwa." Nikasema, "Alijua basi." "Alijua." "Na alipoona wamenigeukia mimi?" Mama akafungua mikono yake, akaitazama. "Angefutwa kazi, mwanangu. Tulikuwa na mtoto mchanga. Kila mwaka alisema atalirudisha mwaka ujao. Ukikaa na kitu sana, aibu yake inakua kuliko kitu chenyewe." Kisha akasema lile alilokuwa ameniitia. "Lichukue. Ila usimtaje. Ameshazikwa kwa heshima." Sikumwahidi. Nililiweka ulimini hapo hapo, mbele yake, upande wa chini. Lilinata. Ndipo nilipolia, na yeye akadhani namlilia mumewe, akanikumbatia.

Jumatatu nikashuka Mbeere. Stoo ipo. Sasa wameiwekea bati jipya na taa ya umeme, na mwalimu ni msichana mdogo anayeitwa Njura, mchangamfu, aliyenipokea kama mgeni na kunifungulia kabati. Kioo kimoja kimezibwa kwa mbao. Karatasi ya juu ya mlango haipo. Darasa moja la watoto lilikuwa ndani, wengine wameketi sakafuni wakichora konokono. Na katikati ya kabati, pale pale, lilikuwa jino la plasta, limemeguka, weupe nje. Mbele yake kadi. Niliinama niisome, maana macho yangu sasa yanataka karibu. Kitu: Jino la tembo wa kale, nakala. Na chini yake: La asili liliibwa na mwanafunzi. Hakukuwa na jina la mwizi, wala la aliyelipata. Mwandiko ule ningeutambua gizani. Ndio ulionifundisha kusimamisha herufi.

Sentensi ya "iko na Wawira" nilikuwa nimeizoea, nimeishi nayo kama mtu anavyoishi na goti bovu. Hii sikuijua. Alikaa, akachukua kadi, akaandika asichokijua, tena kinyume cha anachokijua, katika chumba kile, kisha akaondoka na jino langu kwenye debe. Na tangu siku hiyo kila mtoto wa Mbeere aliyeletwa hapa kujifunza amejifunza na hilo.

Nilifungua gazeti juu ya meza. Njura alishika mdomo. Nilimweleza yote, kwa utaratibu, watoto wakisikia. Alipotulia akasema kwa upole, "Mama, kwa nini tusiandike tu kwamba limepatikana tena? Marehemu hawezi kujitetea." Nikamjibu, "Mimi nilikuwa hai, mwalimu, na sikuweza." Akaniangalia, kisha akanipa kalamu. Msichana mmoja mwenye rangi ya wino kidoleni aliuliza, "Nyanya, hiyo pembe mbona ni laini hivyo?" Nikamwambia nilikuwa nikisugua miguu. Chumba kizima kikacheka. "Sasa lilambe," nikasema, nikalifuta kwa leso yangu. Akalamba kwa woga, akavuta, akapiga kelele, na wenzake wakapanga mstari bila kuambiwa.

Niliweka kadi yangu ya zamani mbele ya jino. Njura alinyoosha mkono kuitupa ile nyingine, nikamzuia. Niliomba karatasi tupu. Nikaiweka kadi ya Mwalimu peke yake kwenye rafu ya chini, na mbele yake nikaandika polepole, herufi zimesimama wima:

Kitu: Kadi isiyo ya kweli, mwandiko wa Mwalimu Gitonga.
Mahali: Chumba hiki.
Siku: Jumatatu, baada ya maziko yake.
Aliyepata: Wawira wa Njiru.